Kompyuta ya gemu imechoka na mfukoni kuna elfu 25: nianze na kipi?

Swali limetoka kwa kijana wa Majengo hapa Mombasa, nalifupisha kidogo: "Assalam aleikum kaka. Nna Dell OptiPlex 7040 ile tawa, nliinunua ex-UK (mtumba wa Uingereza), prosesa i5-6500, RAM 8GB kipande kimoja, hadi diski 1TB, mwenyewe nikaongeza kadi ya picha GTX 1050 Ti. Miaka ya kwanza ilikuwa sawa. Sa hii GTA V nikiendesha gari mbio inakwama sekunde nzima alafu inaruka mbele, na FC 24 ya mpira inacheza lakini jioni inakuwa nzito kuliko asubuhi. Nimeweka 25,000. Rafiki yangu anasema nitafute RTX 3060 ya mkono wa pili nimalize maneno. Nimsikize?"

Waalaikum salaam mdogo wangu, na shukran kwa kuandika modeli kamili, umenirahisishia kazi manake kwa modeli peke yake nshajua pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, iliyo ndani ni ipi.

Rafiki yako anakutakia mema lakini hilo la RTX 3060 liweke kando. Kadi yenyewe haina ubaya, ilitoka 2021, ina memori 12GB, ni kadi ya maana mpaka leo. Shida ni kwamba inakula wati 170 peke yake na Nvidia wenyewe wanasema uwe na pawa saplai ya wati 550, na hiyo tawa yako imetoka kiwandani na wati 240 za mashine nzima, prosesa humo humo, diski humo humo, feni humo humo. Haina ule waya wa pini 8 wa kulisha kadi. Na usiseme basi ntanunua pawa saplai nyingine nichomeke, manake Dell kwenye mashine hizo hawakuweka plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, itabidi utafute adapta maalum, na hapo elfu 25 yako ishaisha zamani na bado una RAM ile ile na diski ile ile.

Nlishaletewa mashine ya namna hiyo na kijana wa Tudor. Kaka yake alimchukulia kadi inayotaka waya, wakailisha kwa adapta iliyotoka kwenye waya wa diski, Windows inawaka vizuri, gemu inafunguka, menyu inakuja, refa akipuliza kipyenga tu kompyuta inazima pu, kama mtu amechomoa soketi. Wiki nzima wakaamini kadi ni mbovu. Kadi ilikuwa nzima kabisa, ilikuwa inaomba umeme ambao haupo. Nlipoushika ule waya ulikuwa wa moto, na plastiki ya adapta ishaanza kugeuka rangi ya chai. Hapo nyumba ingeungua watu wamelala. Naomba sana usifanye hivo.

Sa turudi kwenye maneno yako mwenyewe, kwa sababu jibu umeshaliandika bila kujua. Umesema inakwama sekunde nzima alafu inaruka mbele. Hiyo si dalili ya kadi. Kadi ikizidiwa gemu inakuwa nzito muda wote, fremu, yani picha moja moja, zinakuwa chache lakini zinakuja kwa mpangilio, unaona picha inakokota toka mwanzo mpaka mwisho. Kukwama alafu kuruka ni alama kuwa kuna kitu kimesimama kinangoja kitu kingine. Ni kama Likoni asubuhi, uwe na Prado uwe na tuktuk, feri haijafika basi nyote mko foleni, na kununua gari la kasi zaidi hakukuvushi mapema.

Kwako feri ni ile hadi diski. GTA V haiwezi kuuweka mji wote kwenye memori, inausoma kutoka diski kadri gari linavyokwenda, nyumba, miti, barabara, na ukikanyaga mafuta inabidi isome haraka zaidi. Hadi diski ina kichwa kinachotembea juu ya sahani inayozunguka, na kila kikitoka faili hii kwenda faili ile kinachukua kama milisekunde 10 hivi. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16 na kitu tu za kumaliza kazi yake yote. Kwa hivo kichwa kikihama mara mbili tu fremu ishapita. SSD, ile diski ya chipu, haina kichwa cha kutembea, inapata faili kwa sehemu ndogo mno ya milisekunde moja, na hata ile SSD ya SATA ya kawaida inasoma mpaka kama MB 550 kwa sekunde, hadi diski yako ikijitahidi sana ni 150.

Na hiyo RAM ya 8GB, yani memori ya kazi za muda, inazidisha mambo. Windows ikishawaka inachukua fungu lake, Chrome na tabo zake, Discord, alafu gemu inakuja inakuta chumba kimejaa. RAM ikijaa Windows haikwambii imejaa, inachukua vitu inavihamishia kwenye diski kwa siri, vikitakiwa inavirudisha. Yani mzigo wa RAM unaangukia ile ile hadi diski iliyokuwa tayari imezidiwa na barabara za GTA. FC 24 yenyewe imeandikwa kima cha chini i5-6600K, 8GB na GTX 1050 Ti, kwa hivo wewe uko pale pale mlangoni, kitu chochote kikifunguka nyuma umeshatoka nje.

Lakini mimi siko hapo kwako, na kabla hujatoa hata shilingi nataka upime. Weka MSI Afterburner, ni ya bure, inakuja na RivaTuner, inakuonyesha namba pembeni ya skrini huku unacheza. Weka matumizi ya kadi, matumizi ya kila kiini cha prosesa, RAM iliyotumika, na joto la vyote viwili. Cheza dakika 20 sehemu ile ile inayokukwamisha. Kadi ikiwa imekaa asilimia 97 mpaka 99 muda wote basi kadi ndo imefika mwisho. Kadi ikiwa 60 na viini vya prosesa viko 100, prosesa ndo inachelewesha. Na kama wakati wa kukwama kadi inaporomoka mpaka 20, prosesa nayo imetulia, RAM imeshafika 7 na kitu, basi ni haya nnayokwambia. Alafu fanya jambo moja zaidi, ni la dakika tano lakini linasema ukweli sana: shusha rezolusheni, yani wingi wa nukta za picha, kutoka 1080 mpaka 720 uone. Fremu zikipanda sana, kadi ilikuwa imelemewa. Zikibaki pale pale na kukwama kuko pale pale, hata ukiweka kadi ya laki mbili utakwama vilevile.

Niambie pia monita yako ni ipi, hukuandika. Nyingi za ex-UK zinazouzwa hapa mjini ni 1600 kwa 900, hizo ni nukta 1,440,000, wakati 1080 ni nukta 2,073,600. Kama iko hivo kadi yako ina kazi pungufu kwa karibu theluthi moja, na kama ni monita ya 60Hz, yani inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi fremu ya 61 na kuendelea huioni kwa macho. Watu wengi wananunua kadi ya kuchora vitu ambavyo skrini yao haiwezi kuonyesha.

Sa lile la jioni nzito kuliko asubuhi, hapo ndo nataka tukae kidogo manake hili ni letu sisi watu wa pwani na video za huko nje hazitakwambia. Mashine haipozwi na feni, inapozwa na hewa ya chumbani, feni inaisogeza tu. Mtu ambaye chumba chake ni digrii 22 na wewe ambaye kaskazi imeingia, ukuta umepigwa na jua kutwa, chumba ni 32, kompyuta ni moja lakini yako ina digrii 10 zaidi kabla hata haijaanza kazi. Prosesa ikipanda karibu na 100 inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, kadi nayo vivyo hivyo mapema zaidi. Ndo huo uzito wa jioni. Haijachoka, imeshikwa na joto.

Alafu kuna chumvi. Mwaka jana nlifungua mashine ya nyumba moja Kibokoni, dirisha linatazama maji, nzuri sana kwa kukaa lakini kompyuta ilikuwa chini ya dirisha hilo hilo. Vumbi la ndani halikuwa vumbi la kupuliza likaondoka, lilikuwa limeshikana kama kitambaa, ukilivuta linatoka kipande kizima, manake chumvi inavuta unyevu hewani, kama vile kopo la chumvi jikoni linavyoganda, na vumbi likilowa linanata. Nkachomoa RAM nkamulika kwa tochi ya simu. Ile mistari ya dhahabu chini ilikuwa na ukungu mweupe, na kwenye kona mbili madoa ya kijani. Dhahabu yenyewe haishiki kutu ila pale ni ngozi nyembamba tu, chini mna nikeli na shaba, na chumvi ikipata upenyo inafika kwenye shaba. Mwenyewe alikuwa analalamika kompyuta inajizima na kuleta skrini ya buluu, ashaambiwa na watu wawili kuwa mazabodi imekufa. Raba nyeupe ya penseli taratibu, alafu pamba na isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 99, ikakauka, ikarudi, na mpaka leo inafanya kazi.

Kwa hivo matumizi ya kwanza ya pesa yako yawe kwenye usafi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia mara mbili tatu umeme uliobaki uishe. Toa nje uani. Puliza kwa blowa ndogo ya mkono, na kila feni ishike kwa kidole isizunguke. Usiende kwa mafundi wa kupaka rangi magari wakupulizie na kompresa yao, ile tangi ina maji ndani na utaona yanatemwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Toa hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, futa ile pesti ya zamani ya kupitisha joto ambayo kwa mashine ya 2015 au 2016 itakuwa imekauka kama chokaa, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, rudisha skrubu kwa kupishana kona. Isopropili tafuta ile safi, si spiriti ya kidonda, ya kidonda mara nyingi ina mafuta yanabaki. Ukimaliza isirudi chini sakafuni wala dirishani, weka mezani, nyuma iwe na nafasi ya shibri moja mpaka ukutani. Mwenzio anaweza kukucheka kuwa umeulizia upgredi umeambiwa ufagie, lakini pima joto kabla na baada uandike, utaona mwenyewe.

Ukishapima na kusafisha, haya ndo nnayokushauri ununue. SSD kwanza, 500GB ya SATA inatosha, mpya na si ya mkono wa pili, manake SSD huchakaa kwa kuandikwa na huwezi kujua aliyetangulia ameiandika kiasi gani mpaka uichomeke. Windows na gemu mbili tatu unazocheza sana zikae humo, hadi diski ibaki na filamu na picha za familia. Siku hiyo hiyo au wiki inayofuata RAM, 8GB nyingine, ya aina ya DDR4, na hapo unapata faida mbili kwa bei ya moja kwa sababu sa hii unatumia kipande kimoja na prosesa yako ina njia mbili za kuzungumza na RAM, njia moja imekaa bure miaka yote. Chomeka kwenye matundu ya rangi moja yanayolingana. Ukikuta iliyoandikwa 2666 au 3200 usiogope, kwako itashuka yenyewe mpaka 2133, hiyo ndo spidi ya i5-6500. RAM unaweza kuchukua ya mkono wa pili bila wasiwasi sana, iendeshe MemTest86, programu ya kujaribu RAM, usiku mmoja, ikitoa kosa hata moja rudisha.

Hapo simama. Cheza mwezi mzima. Kwa namba ulizonipa naona GTA itatulia na FC itakuwa sawa, na pesa itabaki.

Pesa inayobaki usiipeleke kwenye i7-6700. Najua kuna watu watakwambia inaingia kwenye mazabodi hiyo hiyo, na kweli inaingia, ina viini 4 kama yako ila nyuzi 8, yani kila kiini kinashika kazi mbili, na kuna gemu zitaisikia tofauti hiyo. Lakini ni prosesa ya 2015. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel rasmi inaanzia kizazi cha 8, i5 yako ni cha 6 na i7 hiyo nayo ni cha 6, na kizazi cha 8 hakikubali kwenye mazabodi yako hata kama tundu linafanana. Ukiinunua leo, siku ukihama mashine utaiacha hapo hapo ilipo. Mimi kila kitu kwenye mashine ya umri huu nakipima kwa swali moja, je, tutahama nacho? SSD utahama nayo. RAM ya DDR4 utahama nayo, manake siku ukipata mazabodi ya AM4 (tundu la AMD) na prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo ni viini 6 nyuzi 12, RAM yake ni DDR4 hiyo hiyo. Kadi utahama nayo. Pawa saplai ya kawaida utahama nayo. Prosesa ya tundu lililokufa huhami nayo, na adapta za Dell huhami nazo.

Kadi je? Kama baada ya yote hayo namba zinakwambia kadi iko 99 na unataka zaidi, kuna RTX 3050 ya 6GB, ilitoka 2024, inakula wati 70 tu, inakunywa kwenye tundu la mazabodi bila waya, na hiyo pawa saplai yako inaibeba kama inavyobeba 1050 Ti sa hii. Angalia vizuri iwe ya 6GB, ile ya 8GB ni wati 130 na inataka waya, majina yanafanana na muuzaji mwingine mwenyewe hajui tofauti. Tazama juu ya kadi, kusiwe na tundu la waya. Ya AMD RX 6400 nayo haina waya lakini kwako siipendekezi, imejengwa na njia 4 tu za PCIe, zile za kuzungumza na mazabodi, na kwenye mazabodi ya zamani kama hiyo inapoteza nguvu unayoilipia.

Ukienda kununua Moi Avenue au ukiagiziwa ije na basi kutoka Nairobi, naomba usitume pesa kabla ya kuiona inafanya kazi. Beba flashi yenye GPU-Z, programu ya kusoma kadi ni ipi hasa. Kuna kadi za zamani za GTX 550 Ti zilizobadilishwa programu ya ndani zijitangaze kuwa 1050 Ti, Windows inadanganyika, GPU-Z haidanganyiki, inaandika kabisa kuwa ni feki. Alama nyingine ni ile plagi ya monita ya VGA, ya buluu, kuanzia kizazi cha GTX 10 Nvidia waliiondoa, ukiiona kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti au 1650 shuku mara moja. Iwashwe, gemu ichezwe dakika 20 hapo hapo dukani, unuse, usikilize feni. Muuzaji mwenye kadi nzima hana sababu ya kukunyima dakika 20.

Kitu cha mwisho ni stima. Kwenu Majengo kama kwetu ikipotea inarudi kwa kishindo, na pale inaporudi ndo vitu huungua. Tafuta UPS ndogo, ile betri ya akiba, yenye kirekebisha volti ndani, hata ya mkono wa pili ukibadilisha betri, na mpaka uipate basi stima ikikatika chomoa waya ukutani usubiri dakika kumi baada ya kurudi. SSD nayo haipendi kuzimwa ghafla katikati ya kuandika.

Basi safisha Jumamosi hii, pima kabla na baada, alafu niandikie namba nne: joto la prosesa, joto la kadi, RAM iliyotumika wakati GTA inakwama, na rezolusheni ya monita yako. Ukizileta ntakwambia kama tubaki na SSD kwanza au kwako RAM itangulie, manake bila namba hizo sina hakika kamili.